Aldo Castellani

Aldo Castellani (Firenze, 8 Septemba 1874 – Lisbon, 3 Oktoba 1971) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Italia. Katika Afrika ya Mashariki anajulikana hasa kwa kazi aliyoifanya Entebbe, Uganda, alikoona vimelea vya tripanosoma ndani ya maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale.

Maisha ya awali

Alisomea udaktari Firenze na kuhitimu mwaka 1899, kisha akaendelea na masomo Bonn, Ujerumani. Mwaka 1901 alijiunga na shule ya tiba ya nchi za joto iliyoanzishwa London na Patrick Manson.

Malale nchini Uganda

Mwaka huohuo wa 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, ndugu Albert na Jack Cook, walitambua wagonjwa wa malale nchini Uganda. Ugonjwa ulienea upesi Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria, na katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000. Mgonjwa huanza na homa na kuvimba tezi za shingo. Baadaye husinzia mchana na kukesha usiku, akili na tabia hubadilika, na mwishowe hulala asiamke tena. Waganda waliuita mongota.

Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya London ilituma tume ya madaktari watatu: George Carmichael Low, Cuthbert Christy na Castellani, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Manson alidhani chanzo ni minyoo ya filaria, lakini minyoo hiyo ilionekana hata mahali pasipo na malale. Castellani yeye alishuku bakteria aina ya streptokoki, aliyowakuta katika maiti.

Maji ya uti wa mgongo

Njia ya kutoa maji hayo kwa mtu aliye hai ilielezwa na Heinrich Quincke wa Ujerumani mwaka 1891. Sindano ndefu huingizwa kiunoni, kati ya pingili za mgongo, na maji hutoka tone kwa tone. Kwa kuwa ndiyo yanayouzunguka ubongo, huweza kuonyesha mambo ambayo damu haionyeshi.

Castellani aliyazungusha maji kwa mashine ili vitu vilivyomo vitue chini, kisha akatazama masimbi yake kwa hadubini. Tarehe 12 Novemba 1902, akitafuta bakteria wake, aliona kiumbe chembamba kikijipindapinda. Kilikuwa tripanosoma. Kimelea hicho kilikwisha kuonekana Gambia katika damu ya mgonjwa wa homa, lakini hakuna aliyekihusisha na malale. Castellani naye alisita, na kwa miezi kadhaa aliendelea kuamini bakteria.

Mabishano na Bruce

Mwezi Machi 1903 alifika David Bruce, pamoja na David Nabarro. Bruce alikwisha kuthibitisha katika nchi ya Wazulu kwamba tripanosoma huua ng'ombe na kwamba huenezwa na mbung'o, hivyo alipoelezwa habari ya Castellani aliona uzito wake mara moja. Castellani alibaki wiki chache zaidi. Alipima wagonjwa wengine na kuwakuta vimelea wengi wao. Maji ya watu wasio na malale hayakuwa navyo. Mwezi Aprili aliondoka, na Bruce na Nabarro wakaonyesha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji.

Kisha yakazuka mabishano ya miaka mingi kuhusu nani hasa mgunduzi. Kwa haki, aliyeona kwanza ni Castellani. Ila bila uzoefu wa Bruce huenda angezidi kuwafuata bakteria. Kwa wagonjwa wa Entebbe ubishi huo haukuwa na faida yoyote: kipimo kilikuwapo, dawa haikuwapo. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyewahi kuchunguza malaria Dar es Salaam, alijaribu dawa ya atoksili katika visiwa vya Sese, na baadhi ya waliotibiwa wakapofuka.

Maisha ya baadaye

Kuanzia mwaka 1903 hadi 1915 alifanya kazi Colombo, Sri Lanka. Huko, mwaka 1905, aligundua kijidudu cha buba. Baadaye alifundisha London, Roma na Marekani. Alikuwa karibu na serikali ya Mussolini, na mwaka 1935–1936 aliongoza huduma za tiba za jeshi la Italia lililoivamia Ethiopia, jambo linalotia doa sifa yake. Ufalme wa Italia ulipoondolewa mwaka 1946 alimfuata Malkia Marie José uhamishoni Ureno, akaishi huko hadi kifo chake.

Kipimo hicho leo

Kwa miongo mingi madaktari wametumia maji ya uti wa mgongo kujua kama malale yamefika ubongoni, kwa kutafuta vimelea na kuhesabu chembe nyeupe: zikizidi 5 katika mikrolita moja, ugonjwa umeingia hatua ya pili. Maji hayohayo hutumika sasa kutambua ugonjwa wa Alzheimer, unaowapotezea watu kumbukumbu, hasa wazee. Hapo hakitafutwi kimelea bali hupimwa protini: amiloidi beta 42 hupungua kwa sababu hujikusanya ubongoni, na tau huongezeka.