Joseph Kasa-Vubu: nani ana haki ya kumwondoa nani?

Wasomaji wetu, kila mara serikali inapoanguka Kinshasa, maneno ni yaleyale: katiba, bunge, imani ya wabunge, mamlaka, uhalali. Tunayasikia kwenye redio asubuhi na jioni, lakini si wote tunaojua neno moja linaachana na lingine wapi. Njia moja ya kuyaelewa ni kufuata maisha ya Joseph Kasa-Vubu, raisi wa kwanza wa Congo, juu karibu kila neno la siasa lilimkuta yeye mwenyewe.

Toka seminari mpaka komini

Kasa-Vubu alizaliwa katika miaka ya 1910 huko Mayombe, katika jimbo tunaloita leo Kongo-Central. Alisoma seminari, akitaka kuwa padri, lakini mwaka 1939 masomo hayo yakakatika. Akafundisha shule, kisha toka 1942 akawa karani katika ofisi ya fedha ya serikali ya kikoloni, mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo.

Wakati ule Mkongomani alilipa kodi na kufanya kazi, lakini hakupiga kura. Hapo njo tofauti ya kwanza: mtawaliwa anatii sheria tu, mwanainchi anatii sheria na ana sauti katika kuchagua wanaozitunga.

Mwaka 1950 Edmond Nzeza-Nlandu alianzisha ABAKO, shirika la kutetea lugha ya Kikongo na umoja wa Bakongo. Kasa-Vubu akawa mkubwa wake mwaka 1954. Kufika 1956, kundi lingine la Wakongomani waliosoma lilitoa ilani lililokubali kwamba uhuru uje polepole, katika miaka 30. ABAKO ikakataa na kudai uhuru bila kungoja. Siku hiyo shirika la utamaduni liligeuka chama cha siasa. Tofauti yake ni hii: shirika linatetea jambo fulani, lakini chama kinataka kushika utawala ili kiendeshe mambo yote.

Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu kura za komini katika miji michache. ABAKO ikashinda kwa nguvu Léopoldville, na Kasa-Vubu akawa burgumestre wa komini ya Dendale. Alipopokea kazi Aprili 1958, hakushukuru tu na kukaa. Alitumia siku hiyo kudai uchaguzi katika inchi nzima. Alikuwa sasa na kitu ambacho gavana wa kikoloni hakuwa nacho: kura za watu. Hiyo tunaita uhalali, yaani sababu inayofanya watu wakubali kwamba fulani ana haki ya kuwaongoza. Gavana alikuwa na askari, burgumestre alikuwa na uhalali.

Tarehe 4 Januari 1959 wakubwa wa mji walizuia mkutano wa ABAKO. Watu wakachafuka, askari wakapiga risasi, makumi ya watu wakafa. Kasa-Vubu akafungwa na chama chake kikavunjwa. Lakini siku 9 baadaye, mfalme Baudouin alitangaza kwamba Congo itapata uhuru.

Viti viwili katika nyumba moja

Mei 1960 ilipigwa kura ya wabunge. Kwa viti 137, chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilipata 33 peke yake, ABAKO 12. Hakuna aliyepata nusu, basi ilibidi vyama vishirikiane. Wakapatana: Lumumba waziri mkuu, na Kasa-Vubu raisi, akichaguliwa na mabaraza mawili ya bunge tarehe 24 Juni.

Sheria ya msingi iliyoongoza inchi iliandikwa na Wabelgiji, kwa mfano wa katiba yao. Ndani yake raisi ni mkubwa wa dola, waziri mkuu ni mkubwa wa serikali. Usichanganye: dola ni inchi yenyewe na mipaka yake, watu wake na sheria zake, haiondoki, serikali ni kundi linaloendesha kazi kwa muda, na linabaki mradi wabunge wengi wanaliamini.

Kifungu cha 22 kilisema mkubwa wa dola anateua waziri mkuu na anaweza kumwachisha. Kule Ubelgiji mfalme ana maneno karibu yaleyale, lakini desturi ya miaka mingi imemfunga mikono: hatoi waziri mkuu kwa kupenda kwake. Congo haikuwa na desturi hiyo. Na raisi wetu hakuwa mfalme. Alikuwa mwanasiasa mwenye chama, mbele ya mwanasiasa mwingine mwenye chama kikubwa zaidi.

Jioni ya tarehe 5 Septemba

Uhuru ukafika tarehe 30 Juni. Siku 5 baadaye askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na Agosti Kasai ya kusini ikafuata. Jioni ya tarehe 5 Septemba, Kasa-Vubu aliingia redioni, akatangaza kwamba amemwachisha Lumumba na kumweka Joseph Ileo. Mawaziri wawili waliweka sahihi. Haikupita muda, Lumumba naye akafika kwenye redio ileile, akatangaza kwamba ni Kasa-Vubu asiye raisi tena.

Nani alikuwa na haki? Kasa-Vubu alikuwa na kifungu cha 22. Lumumba alikuwa na wabunge: baraza la wabunge likafuta maamuzi yote mawili, na seneti nayo ikakataa kuachishwa kwake. Wala hakukuwa mahakama ya Wakongomani iliyokaa tayari kusema kifungu kinasomwa namna gani. Watu wa Umoja wa Mataifa wakafunga redio, ila Kasa-Vubu alikuwa na marafiki Brazzaville, ngambo ya mto, na redio ya kule ilimfungulia mlango.

Tarehe 14 Septemba kanali Mobutu akasema anawaweka pembeni wote wawili. Kumbe mahali ambapo hakuna mwamuzi wa sheria, mwenye bunduki anajifanya mwamuzi. Lakini pembeni ya Kasa-Vubu haikuwa sawa na ya Lumumba. Raisi alibaki kwenye kiti, na Novemba Umoja wa Mataifa ukapokea wajumbe wake kwa kura 53 juu ya 24. Huko ni kutambuliwa na mataifa, namna nyingine ya nguvu. Lumumba alikamatwa, akapelekwa Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Kasa-Vubu ndiye alikuwa raisi wakati ule, na jina lake halitatoka katika historia ya kifo hicho.

Mara ya pili

Mwaka 1964 wanainchi walipiga kura ya kukubali katiba mpya, ile ya Luluabourg, iliyomwongezea raisi nguvu. Oktoba 1965 Kasa-Vubu akamwachisha waziri mkuu Moïse Tshombe na kumteua Évariste Kimba. Bunge likamkataa Kimba. Raisi akamteua yeye tena. Mambo yakakwama vilevile kama 1960, na vilevile jeshi likaingia: tarehe 24 Novemba Mobutu akatwaa utawala. Safari hii alibaki miaka 32.

Kasa-Vubu hakupigana. Alirudi Mayombe, akafa Boma tarehe 24 Machi 1969. Komini ya Dendale leo inaitwa kwa jina lake.

Katiba tuliyo nayo, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema raisi anamwachisha waziri mkuu pale tu huyu anapoleta mwenyewe barua ya kujiuzulu kwa serikali yake. Wabunge wanaweza kuiangusha serikali kwa kura, na mabishano kati ya bunge na serikali yanapelekwa kwa Mahakama ya Katiba. Ukisikia redioni kwamba waziri mkuu amejiuzulu, jiulize basi: ni wabunge waliomkataa, ao kuna mtu mwingine aliyemsukuma?