GODFREY HOUNSFIELD, MTOTO WA SHAMBA

Mkisikia fulani amepelekwa kupigwa skani ya kichwa, jueni mashine hiyo ilitoka akilini mwa mtoto wa shamba.

Godfrey Hounsfield alizaliwa tarehe 28 Agosti, 1919, karibu na Newark nchini Uingereza, kitinda mimba wa watoto watano. Shuleni hakuwa wa kupigiwa makofi; hesabu na fizikia tu ndizo zilizomvuta. Mambo yake yalikuwa shambani, ambako alijiundia mabawa akaruka nayo kutoka juu ya marundo ya nyasi. (Ajabu hakuvunjika shingo!) Wakati wa vita alikuwa jeshi la anga, akafundisha rada, halafu akaajiriwa na kampuni ya EMI, ambako baadaye aliunda tarakilishi.

Mnamo 1967 likamjia wazo: ukipitisha miale kwenye kitu kutoka kila upande, na kupima inayotokea ng'ambo, si utajua kilichomo bila kupasua? Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Miale iliyopenya iligonga kioo maalumu kikametameta, na mtambo wa umeme ukageuza ule mwanga kuwa nambari. Nambari moja si kitu. Yeye alihitaji kama 28,000 kwa picha moja tu! Mara ya kwanza kuzikusanya kulichukua siku 9, na tarakilishi ikala saa mbili unusu kuzipigia hesabu. Wengine wangeachia hapo. Hounsfield alitupa kile chanzo hafifu cha miale, akaweka bomba la eksirei. Siku 9 zikawa saa 9.

Kabla ya kumgusa mtu alijaribu wanyama. Alivuka jiji la London mara nyingi amebeba bongo za ng'ombe, akapiga picha viungo vya nguruwe pia.

Tarehe 1 Oktoba, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni akalazwa mashineni. Picha ikatoka, na uvimbe huooo! Madaktari wakajua pa kupasua.

Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuwa amepiga hesabu kama hizo kivyake. Na Hounsfield hakuwa na digrii ya chuo kikuu, jamani.

Hakuoa. Aliaga dunia tarehe 12 Agosti, 2004. Mpaka leo, hata katika zile skani ndogo za panya wa maabara, picha husomwa kwa kipimo chenye jina lake: maji ni 0, hewa ni 1,000 chini ya sufuri, na mfupa uko juu kabisa.