Pierre Curie, muntu aliyetoa umeme ndani ya jiwe

Wengi wetu tunamujua Pierre Curie juu ya radiumu na juu ya bibi yake Marie. Leo tunapenda kueleza kazi yake ya kwanza, ile tunayotembea nayo mufukoni bila kujua.

Alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, munganga, hakumutuma kwa masomo kama watoto wengine, alifundishwa nyumbani. Mwaka 1880, yeye na kaka yake Jacques walikata vipande vya kwarzi, turmalini na chumvi ya Seignette, wakavikandamiza. Umeme ukatokea! Mwaka uliofuata, Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake kinawezekana. Ndugu hao wakahakikisha: ukitia umeme, jiwe lenyewe linajinyoosha kidogo.

Lakini kila kitu kiko na tabia yake. Chumvi ya Seignette inatoa umeme mwingi, ila unyevu unaiharibu. Kwarzi inatoa kidogo, lakini inadumu. Ndiyo maana Pierre alitengeneza mashini ya kupima umeme mdogo sana kwa kutumia kwarzi. Kwa mashini hiyo Marie alipima mionzi ya uraniumu mwaka 1898.

Maisha hayakumulipa mbio. Toka 1882 alifundisha kwa mushahara kidogo, bila labo nzuri. Mwaka 1903 alipata Nobel pamoja na Marie na Becquerel. Walipotaka kumupa Légion d'honneur, alikataa; alijibu kwamba hana lazima ya medali, ana lazima ya labo. Tarehe 19 Aprili 1906, kwenye rue Dauphine, gari la farasi lilimukanyaga. Alikuwa na miaka 46 tu.

Leo, ndani ya telefone zetu, nitridi ya aluminiamu inafanya kazi ile ile. Ni ngumu na nyepesi, basi sauti inapita ndani yake mbio sana. Wanaipaka nyembamba kupita unywele, mikroni moja ao mbili hivi, na inatetemeka mara miliari kwa sekunde moja. Kadiri inavyokuwa nyembamba, ndivyo inavyotetemeka mbio. Hivi telefone inachagua mawimbi yake na kuacha ya wengine.

Pierre hakuona hata telefone moja ya namna hiyo. Tukisikia sauti ya ndugu aliye mbali, tumukumbuke.