Ampère, Mfaransa aliyetenganisha umeme na mkondo wake

NDANI ya plagi ya pasi, ya birika au ya runinga mna fyuzi ndogo iliyoandikwa nambari 13, 5 au 3 na kufuatwa na herufi A. Herufi hiyo ni kifupi cha jina la mtu: André-Marie Ampère, Mfaransa aliyezaliwa jijini Lyon mnamo Januari 20, 1775. Wengi hulitamka jina lake mbele ya fundi wa stima pasipo kujua kwamba liliwahi kuwa la binadamu. Wala si wengi wajuao kuwa binadamu huyo ndiye aliyewaonyesha wataalamu jinsi ya kutenganisha mambo mawili ambayo hadi leo huchanganywa, yaani umeme wenyewe na mkondo wa umeme.

Mchanganyiko huo una sababu zake. Katika Kiswahili, neno umeme lilikuwa la mawinguni kabla halijateremka kwenye nyaya. Ni ule mwanga unaomulika anga kabla ya ngurumo kusikika. Siku hizi neno lilo hilo limetwikwa mizigo mingi. Mtu husema umeme umepotea, umeme umepanda bei, au umeme umemrusha fundi, na kila mara huwa anazungumzia kitu kingine. Taa zinapozimika, chembe zenye chaji zilizomo ndani ya shaba ya waya hazijaenda kokote. Zimo zote, mithili ya maji yanayojaa bombani ilhali mfereji umefungwa. Kilichokoma ni mwendo wa chembe hizo, na mwendo huo ndio uitwao mkondo. Isitoshe, kile anacholipia mteja kupitia mita si chaji wala mkondo, bali ni nishati, ambayo huhesabiwa kwa kilowati-saa.

Ampère hakuyapata haya darasani, kwa kuwa hakuwahi kupelekwa shule. Baba yake, Jean-Jacques, alikuwa mfanyabiashara wa hariri aliyejitosheleza, naye aliilea familia yake katika kijiji cha Poleymieux karibu na Lyon. Mzee huyo aliamini kuwa mtoto hujifunza vyema akiachiwa vitabu na nafasi, hivyo akamfungulia mwanawe maktaba ya nyumbani. Kijana alizamia katika ile ensaiklopidia kubwa ya Diderot na d'Alembert. Alipogundua kuwa kazi za wanahisabati Euler na Bernoulli zilikuwa zimeandikwa kwa Kilatini, alijifunza lugha hiyo ili azisome.

Raha hiyo haikudumu. Mnamo 1792 dada yake alifariki. Mwaka uliofuata jiji la Lyon liliiasi serikali ya mapinduzi iliyokuwa Paris, likazingirwa na majeshi na hatimaye kutekwa. Jean-Jacques, ambaye alikuwa amekubali wadhifa wa hakimu jijini humo, alihukumiwa kifo na kukatwa kichwa kwa gilotini mnamo Novemba 1793. Ampère alikuwa na umri wa miaka 18. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikaa kama mtu aliyepigwa na butwaa, vitabu vya hesabu vikiwa vimefunikwa. Kilichomrejesha hakikuwa hesabu bali mimea na ushairi; alianza kuchuma majani na maua porini na kuyachunguza, na akili ikaamka tena.

Mnamo 1799 alimwoa Julie Carron, na mwaka mmoja baadaye wakajaliwa mtoto wa kiume. Riziki ilimlazimu kwenda kufundisha mjini Bourg mnamo 1802, huku mkewe akibaki Lyon akiwa mgonjwa. Alipofanikiwa kupata kazi karibu na nyumbani, muda ulikuwa umekwisha. Julie alifariki mnamo Julai 1803. Lyon ikawa mahali pasipomkalika. Alihamia Paris mwishoni mwa 1804 na kuajiriwa katika chuo cha École Polytechnique. Ndoa yake ya pili, iliyofungwa mnamo 1806, ilisambaratika baada ya muda mfupi na kumwachia binti, Albine.

Jijini Paris alijulikana kama mtu wa akili nyingi na kazi zisizokamilika. Alirukaruka kutoka hesabu hadi kemia, na kutoka kemia hadi falsafa. Husimuliwa kuwa siku moja barabarani aliligeuza bamba la nyuma la gari la farasi kuwa ubao wa kuandikia hesabu, na gari lilipoondoka akalikimbilia ili amalizie. Pengine kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini waliomfahamu hawakuona ugumu wa kukisadiki. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mnamo 1814, na hakuna aliyetarajia kuwa mtu huyo, akiwa na miaka 45, angeanza upya na umeme.

Hali ya elimu ya umeme wakati huo ilikuwa ya kutatiza. Kwa upande mmoja palikuwepo umeme wa zamani, ule wa kusugua kioo kwa kitambaa, unaotoa cheche na kuvuta vijikaratasi. Kwa upande mwingine palikuwepo betri iliyotangazwa na Mwitaliano Alessandro Volta mnamo 1800, rundo la visahani vya metali mbili tofauti vilivyotenganishwa kwa kadibodi zilizoloweshwa maji ya chumvi. Kifaa kilichotumika kupima umeme kilikuwa elektroskopu, ambayo vijani vyake vyembamba vya dhahabu hutanuka vinapopata chaji. Kifaa hicho, kikipatiwa usaidizi wa kukuza chaji, kiliweza kuonyesha umeme katika ncha mbili za betri. Ajabu ni kwamba ncha hizo zilipounganishwa kwa waya, dalili hiyo ilitoweka, kana kwamba umeme umekwisha. Kumbe ni wakati huohuo ambapo waya ulipata moto, na maji yaliyowekwa njiani yakatengana kuwa gesi mbili.

Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa kutoka mbali. Mnamo Julai 1820, Hans Christian Ørsted wa Copenhagen, Denmark, alitangaza kuwa waya uliounganishwa na betri huigeuza sindano ya dira. Mnamo Septemba 11, François Arago aliwaonyesha wanachama wa Chuo cha Sayansi jijini Paris jaribio hilo. Ampère alikuwepo. Wiki moja tu baadaye, Septemba 18, alisimama mbele ya wenzake akiwa na maelezo yake mwenyewe.

Alieleza kuwa betri ina hali mbili ambazo hazifai kupewa jina moja. Ncha zake zikiwa hazijaunganishwa, kuna mkazo. Umeme umelundikana na kungoja, na huo ndio unaotambuliwa na elektroskopu. Ncha zikiunganishwa, mkazo huo wa kulundikana hutoweka na mahali pake huchukuliwa na mkondo, yaani umeme unaozunguka bila kukoma. Kifaa cha mkazo hakiwezi kuupima mkondo, kama vile fimbo ya kupimia kina cha maji katika tangi isivyoweza kueleza kasi ya mto. Kwa mkondo, kipimo ni sindano ya sumaku. Ampère alipendekeza kifaa cha aina hiyo kiitwe galvanometa, jina lililodumu.

Hapo aliongeza jambo ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria. Aliiweka sindano juu ya betri yenyewe, si juu ya waya, nayo ikageuka vilevile. Kwa hivyo mkondo hauanzii kwenye ncha moja na kuishia kwenye nyingine. Hupita pia ndani ya betri na kukamilisha duara. Mkondo hauna mwanzo wala mwisho. Likikatwa mahali popote, duara zima husimama, na hii ndiyo maana swichi moja ndogo ukutani inatosha kuizima taa iliyo mbali nayo.

Jaribio la Septemba 25 ndilo lililoondoa shaka. Ampère alitundika nyaya mbili sambamba na kupitisha mkondo katika kila mmoja. Mikondo ilipoelekea upande mmoja, nyaya zilivutana. Ilipoelekea pande tofauti, zilisukumana. Sasa, sheria ya umeme uliotulia ilifahamika kwa kila mwanafunzi: chaji zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Mikondo ilifanya kinyume kabisa. Aidha, vitu viwili vilivyovutana kwa chaji hugusana kisha vikaachana, lakini nyaya zilizovutana kwa mikondo zilibaki zimegandamana. Kama mkondo ungekuwa umeme uleule uliotulia, matokeo haya yasingewezekana. Mwendo ulikuwa umezaa kani mpya.

Kutoka hapo Ampère alifikia wazo la kijasiri zaidi. Alidai kuwa hata sumaku ya kawaida haina siri nyingine ila mikondo midogo inayozunguka ndani ya chembe zake. Wenzake kama Jean-Baptiste Biot walimpinga vikali, wakishikilia kuwa sumaku ni kitu cha kivyake. Alifanya kazi kwa miaka sita akijibu kila pingamizi kwa jaribio na hesabu, na mnamo 1826 akachapisha kitabu kilichokusanya nadharia yake yote. Mskoti James Clerk Maxwell, miaka karibu 50 baadaye, alimlinganisha na Newton katika uwanja wa umeme.

Hata hivyo, si kila alichokishika kilikuwa sahihi, wala si kila alichokiona alikitambua. Alikubali kuwa mkondo uhesabiwe kufuata upande wa umeme chanya. Baada ya J. J. Thomson kugundua elektroni mnamo 1897, ilibainika kuwa kinachotembea katika waya wa shaba ni chembe hasi, tena zikielekea upande wa pili. Michoro ya shuleni ingali inafuata mshale wa Ampère. Chembe hizo nazo hazina haraka kama inavyodhaniwa. Kwa kawaida husogea chini ya milimita moja kwa sekunde, na katika nyaya za nyumbani hutetemeka tu kwenda na kurudi. Kinachofika upesi ni msukumo, si chembe yenyewe.

Kosa lililomgharimu zaidi lilitokea Geneva mnamo 1822. Akiwa huko na kijana Auguste de La Rive, alipata dalili kwamba mkondo unaweza kuamsha mkondo mwingine katika kipande cha shaba kisichounganishwa na betri. Akili yake ilikuwa imeelekea kwingine, na hakulifuatilia. Mnamo 1831 Mwingereza Michael Faraday aliufafanua ugunduzi huo kikamilifu, na juu yake ndipo zilipojengwa jenereta zote za dunia, zikiwemo zinazozungushwa na maji ya Mto Tana na mvuke wa Olkaria.

Ampère aliaga dunia mjini Marseille mnamo Juni 10, 1836, akiwa katika ziara ya ukaguzi wa shule, kazi iliyomchosha kwa miaka mingi lakini iliyomlisha. Alizikwa hukohuko, hadi mabaki yake yalipohamishiwa makaburi ya Montmartre jijini Paris mnamo 1869. Mnamo 1881, kongamano la kimataifa la wataalamu wa umeme lililofanyika Paris liliamua kuwa kipimo cha mkondo kiitwe ampea. Volta alipewa kipimo cha mkazo na Mjerumani Georg Ohm cha ukinzani.

Kuanzia 1948 ampea ilifafanuliwa kwa jaribio lake la 1820: nyaya mbili sambamba, zikiwa mita moja kutoka kwa nyenzake, na kani iliyopo kati yake. Ufafanuzi huo uliwekwa kando mnamo Mei 20, 2019. Sasa mkondo hupimwa kwa kuhesabu chaji zinazopita, na ampea moja ni zaidi ya elektroni bilioni sita mara bilioni moja katika kila sekunde.