Kinjeketile: Nyuma ya Maji Kulikuwa na Pamba

Ukitoka Temeke ukaifuata Barabara ya Kilwa mpaka Rufiji, umeingia nchi ya Kinjeketile Ngwale. Shuleni wengi wetu tulikariri kwamba alikuwa mganga wa maji, basi. Habari ya pamba tuliipita juu juu.

Kinjeketile aliishi Ngarambe. Enzi hizo viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea sana pamba ya Marekani, na Wajerumani wakataka pamba ya koloni lao. Kuanzia 1902 wanavijiji wa pwani na kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamoja ya pamba, akida akisimamia kwa kiboko. Malipo yalikuwa kiduchu, na mashamba yao ya chakula yakakosa mikono.

Mwaka 1904, inasimuliwa, pepo Hongo alimpanda, akazama majini na kuibuka siku ya pili akiwa mkavu. Akaanza kugawa dawa, watu wa makabila mbalimbali wakamiminika kwake. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba. Kinjeketile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza inaanza. Iliendelea hadi 1907, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Maji hayakuzuia risasi, hilo kila mtu analijua. Sisi tunaokwenda kufundisha tuulize jingine: kwa nini mkulima mwenye jembe alikubali kuikabili bunduki? Jibu liko shambani. Temeke wapo wazee wengi waliotoka Rufiji na Kilwa. Tuanze kwa kuwauliza hao.