Daktari Aliyeisimamisha Sindano Njiani

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilipewa kazi ya semina: kulinganisha dawa zinazotumika kwenye ganzi ya epidura. Hii ni ile ya mgongoni, inayomwezesha mama kujifungua au mgonjwa kupasuliwa akiwa macho bila kusikia maumivu. Nilikesha siku mbili na madesa, nikachora jedwali la kueleweka. Kwenye mstari wa utangulizi, harakaharaka tu, nikaandika kwamba njia hii ililetwa na Mwitaliano Achille Dogliotti mwaka 1931.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu wala hakugusa jedwali. Aliniuliza tu Fidel Pagés nimemwacha wapi. Nikaduwaa. Ukweli ni kwamba jina lile nilikuwa silijui kabisa. Nilirudi hosteli na aibu yangu, nikaanza kumtafuta huyo Pagés. Leo naomba niwasimulie, kwa sababu kisa chake si cha watu wa udaktari peke yao.

Fidel Pagés alizaliwa Huesca, kaskazini mwa Hispania, Januari 1886. Alisomea udaktari Zaragoza, akamaliza mwaka 1908, akajiunga na jeshi kama daktari. Hakukaa sana, mwaka 1909 tayari alikuwa Melilla, mji wa Hispania ulioko pwani ya kaskazini mwa Afrika, akihudumia majeruhi wa vita. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alipelekwa Austria-Hungaria kukagua kambi za wafungwa wa vita. Aliporudi akawa anapasua Madrid, na mwaka 1919 akashiriki kuanzisha jarida la upasuaji la Kihispania. Hilo jarida lishikeni vizuri, nitalirudia.

Sasa, ili tumwelewe, tuone hali ilivyokuwa. Ganzi ya mgongoni ilikuwepo tangu mwaka 1898, pale Mjerumani August Bier alipopitisha sindano hadi kwenye maji yanayozunguka neva za mgongo na kutia kokeini. Ilishika, lakini Bier mwenyewe, aliyejitolea kuchomwa, aliumwa kichwa siku kadhaa. Ukitoboa ule utando unaoitwa dura, maji yanavuja, na kichwa kinakudai. Kuhusu kokeini, sumu yake na ulevi wake sina haja ya kueleza.

Mwaka 1904 Mjerumani mwingine, Alfred Einhorn, alitengeneza prokaini, iliyouzwa kwa jina la Novocain. Sumu yake ilikuwa ndogo kuliko ya kokeini, tena haimfanyi mtu mtumwa wake. Hiyo ndiyo dawa aliyokuwa nayo Pagés mkononi.

Novemba 1920, akiwa katikati ya kumchoma mgonjwa ganzi ya kawaida ya mgongo, alipata wazo la kuisimamisha sindano kabla haijatoboa dura. Pale nje ya utando kuna nafasi nyembamba yenye mafuta na mishipa midogo, na neva zote zinapita hapo zikitoka kuelekea mwilini. Akaitia dawa palepale. Ganzi ikashika eneo la mwili linalohudumiwa na neva hizo, na dura ikabaki nzima. Kwa kuwa ganzi ilifuata mikanda ya mwili, kila neva na mkanda wake, njia yake akaiita ganzi ya kimetamera.

Wengine tungeishia kusimuliana kantini. Pagés alifanya upasuaji 43 kwa njia hiyo, zikiwemo ngiri, na mwaka 1921 akachapisha yote kwa Kihispania, katika lile jarida lake na katika jarida la madaktari wa jeshi. Miezi michache baadaye jeshi la Hispania lilishindwa vibaya Annual, karibu na Melilla, naye akarudi kule kuwapasua majeruhi. Septemba 1923, akiwa safarini kurudi Madrid, alifariki katika ajali ya gari karibu na Burgos. Alikuwa na miaka 37.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Wazo lilikuwa na miaka mitatu tu, na mtetezi wake hayupo. Madaktari wengi wa nje walikuwa hawasomi Kihispania. Miaka kumi baada ya makala ile, Dogliotti akaeleza njia hiyohiyo kutoka Italia, na dunia ikampa sifa. Tusimwonee, hakuiba kitu. Hakuwa amesikia habari za Pagés, na alipojulishwa alikubali kwamba Mhispania alimtangulia.

Sasa turudi kwenye jedwali langu. Prokaini, ile ya Pagés, huvunjwavunjwa haraka kwenye damu. Hilo ni salama, lakini ganzi yake ni fupi, kwa hiyo operesheni ikirefuka ni tabu. Lignokaini ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist. Hiyo inawahi, kwenye epidura hushika ndani ya dakika 10 hadi 15 hivi na kudumu saa moja na ushee. Mama mwenye mrija wa epidura akihitaji kupasuliwa haraka, ni dawa ya kukimbilia, na ukiichanganya na adrenalini inadumu zaidi. Bupivakaini, ya mwaka 1957, nayo ni ya Sweden. Inachelewa kidogo kushika ila inakaa saa nyingi, na ukiizimua sana inapunguza uchungu huku mama akiweza kusogeza miguu. Ubaya wake, ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya inaweza kusimamisha moyo, na kuuamsha ni kazi. Ndiyo maana mwaka 1984 Marekani ilikataza ile kali ya asilimia 0.75 kwa akina mama wanaojifungua. Ropivakaini ilikuja miaka ya 1990 kupunguza hatari hiyo. Nguvu yake ni pungufu kidogo, na misuli ya miguu inaiachia zaidi.

Kwa hiyo hakuna bingwa hapo. Unaangalia unataka haraka au muda mrefu, miguu ifanye kazi au ilale, na moyo wa mgonjwa ukoje. Lakini angalieni jambo moja: dawa zimebadilika mara kadhaa, ila mahali pa kuziweka ni palepale Pagés aliposimamisha sindano.

Na je, jina lake lilirudi vipi? Lilirudi kwa ile makala. Lugha yake ilichelewesha habari, kweli, lakini makala ilikuwa na mwaka, ilikuwa na hesabu ya wagonjwa, na ilieleza njia hatua kwa hatua. Watu walipokuja kuuliza nani alitangulia, karatasi ikajibu kwa niaba ya marehemu. Angesubiri hadi apate lugha ya wakubwa au wagonjwa 1,000, ajali ile ingeondoka na kila kitu.

Hapa chuoni nawajua watu wenye mawazo mazuri yanayolala kwenye simu na kwenye madaftari, eti wanasubiri Kiingereza kinyooke au wafike shahada ya pili. Nami nilikuwa mmoja wao. Makala hii nimeiahirisha mihula miwili. Andika kwa lugha uliyonayo, sema ulifanya nini na mara ngapi, weka tarehe. Kutafsiri kutakuja baadaye.

Jedwali langu nimelirekebisha. Mstari wa kwanza sasa unasomeka: Fidel Pagés, Madrid, 1921.