Marie wa Bourgogne na Mume Wake Mwindaji

Tarehe 13 Februari 1457 alizaliwa mjini Bruxelles mtoto wa kike, jina lake Marie. Baba yake, Charles wa Bourgogne, alikuwa mrithi wa nchi nyingi zenye mali, ambazo leo zimo katika Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na Ufaransa. Mama yake alikufa Marie akiwa na umri wa miaka minane, wala Charles hakupata mtoto mwingine. Basi watu wote walijua ya kuwa siku moja utawala wote utamwangukia binti huyo.

Karibu na Bruxelles uko msitu wa Soignes, ambamo watawala wa zamani waliwinda ayala. Ayala ni mnyama wa Ulaya afananaye na kulungu, lakini ni mkubwa zaidi, na pembe za dume zina matawi kama mti. Marie alikua akipenda farasi na mbwa, na kupita vyote alipenda kozi. Kozi ni ndege mla nyama. Watu wa Ulaya humfundisha kukaa juu ya mkono wa bwana wake; akiachiliwa huruka juu sana, humshukia korongo au bata na kumwangusha, kisha huitwa akarudi mkononi. Wawindaji wenye nyavu na mikuki watastaajabu, lakini uwindaji huo ndio uliokuwa heshima ya wakubwa, wanaume kwa wanawake.

Tarehe 5 Januari 1477 Charles aliuawa vitani karibu na mji wa Nancy. Marie, msichana wa miaka 19, akabaki na nchi zote mikononi mwake na adui pande zote. Mfalme wa Ufaransa aliingiza askari wake upesi. Watu wa miji, ambao Charles aliwalemea kwa kodi za vita, walidai haki zao za zamani, naye akawarudishia kwa kutia sahihi. Hata hivyo watu wa Gand waliwakamata washauri wake wawili wakubwa, wakawakata vichwa mwezi wa Aprili, ingawa Marie mwenyewe aliwaombea.

Alihitaji mume mwenye nguvu. Akaja Maximilian, mwana wa Kaisari, kijana wa miaka 18 kutoka Austria, nchi ya milima mirefu. Walifunga ndoa mjini Gand tarehe 19 Agosti 1477. Hawakuwa wamepata kuonana kabla ya hapo, na lugha ya mmoja haikuwa lugha ya mwenzake. Lakini Maximilian naye alikuwa mwindaji tangu utoto. Kwao alizoea kuwafuata ayala misituni, na mbuzi wa mwitu juu ya miamba ambayo watu wengi wangeogopa hata kuitazama. Baada ya arusi alimwandikia rafiki yake wa Austria kumsifu mkewe: jinsi apendavyo kozi na mbwa, na jinsi mbwa wake mweupe mwenye mbio alivyolala mara nyingi chumbani mwao.

Basi wageni hawa wawili walipata neno la kuwaunganisha. Kila mmoja alijifunza lugha ya mwenzake, na vita ilipowapa nafasi walipanda farasi pamoja. Wako waume ambao porini hujifurahisha wenyewe, na nyumbani huleta uchovu tu. Maximilian, mgeni katika nchi ya mkewe, hakufanya hivyo. Mwaka 1478 walimzaa Philippe, mwaka 1480 Marguerite. Mtoto wa tatu alikufa angali mchanga.

Mwezi wa Machi 1482 wote wawili walikuwa Flandre, wakaenda kuwinda kwa kozi upande wa Wijnendale, si mbali na mji wa Bruges. Nchi ile ni tambarare, yenye maji na mifereji mingi, nao korongo huipenda. Wanasimulia ya kuwa Marie alikuwa akienda mbio, macho yake yakifuata ndege angani, na farasi wake akaruka mfereji lakini hakufika salama. Marie alianguka, na mnyama yule mzito akamwangukia. Walimrudisha Bruges. Waganga hawakuweza kumponya. Aliandika wosia, akawaacha watoto wake chini ya ulinzi wa baba yao, na tarehe 27 Machi akafa. Umri wake ulikuwa miaka 25.

Haifai kumlaumu mume kwamba alimchukua mkewe kuwinda, kwa maana Marie alijua farasi tangu udogo, naye hakuburutwa. Lakini hasara iliyofuata ilikuwa kubwa. Watu wa Flandre walikuwa wamemtii Maximilian kwa ajili ya Marie. Yeye alipokufa walikataa kumwachia mgeni watoto na utawala. Wakapatana na mfalme wa Ufaransa, na mwaka 1483 Marguerite, mtoto wa miaka mitatu, alipelekwa huko aje kuwa mke wa mwana wa mfalme. Ndoa ile haikutimia, na Marguerite hakurudi kwao mpaka mwaka 1493. Mwaka 1488 watu wa Bruges walimfunga Maximilian mwenyewe zaidi ya miezi mitatu, katika mji ule ule alimokufa mkewe.

Baadaye Maximilian alioa tena, akawa Kaisari, akaendelea kuwinda hata uzee. Alikufa mwaka 1519. Marie alizikwa Bruges, katika kanisa la Bibi Yetu. Juu ya kaburi yupo amelala kwa mfano wa shaba iliyopakwa dhahabu, na miguuni pake wamelala mbwa. Mwaka 1979 wachimbaji walipata mifupa yake chini ya sakafu, na pamoja nayo kijisanduku cha risasi chenye moyo wa Philippe, aliyekufa Hispania mwaka 1506 na ambaye moyo wake ulirudishwa kwa mama yake.